Kupimwa fimbo za gofu: kwa mchezaji wa Kitengela na Kajiado

Kanzu huishoni kabla fundi hajakupima bega na urefu. Fimbo za gofu nazo zina vipimo vyake, ila wengi wetu hununua seti nzima ya mtumba kwanza, kisha tukalaumu mikono.

Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, ukiwa umesimama wima na mikono imening'inia. Huo, pamoja na kimo chako, humwongoza fundi kwenye urefu wa fimbo.

Kinachofuata ndicho hudharauliwa: pembe ya mpini na ardhi. Fundi hubandika utepe chini ya kichwa cha fimbo, nawe unapiga mpira juu ya ubao mgumu. Alama ikibaki upande wa kisigino, fimbo imesimama mno, na kwa anayetumia mkono wa kulia mpira huelekea kushoto. Ikibaki upande wa ncha, imelala mno, na mpira huenda kulia. Mtu anaweza kuhangaika miaka akirekebisha mkao wake, kumbe kosa ni la chuma.

Ulaini wa mpini hufuata kasi ya mkono. Mpini mgumu kwa mwenye kasi ndogo humpunguzia masafa.

Halafu kuna ardhi. Udongo mweusi wa Kitengela hukauka wakati wa kiangazi ukawa kama saruji, na kule Magadi, kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, gofu huchezwa kwenye ukame mtupu. Fimbo fupi za kunyanyulia mpira zenye tumbo nene chini, zinazofaa mchanga laini, hapa hudunda na kugonga mpira katikati. Omba zenye tumbo jembamba. Mpwani aliyehamia huko na fimbo zake za Diani asishangae.

Ukiwa na za mtumba, usizitupe. Kubadilisha raba ya kushikia na kukata mpini ni kazi ndogo. Kupinda pembe kunategemea chuma: kilichofuliwa hupindika, cha kuyeyushwa kwenye kalibu huweza kukatika.

Sheria inaruhusu fimbo 14, haikulazimishi kuzifikisha. Saba zilizopimwa zinatosha kuanzia. Kabla ya kupimwa, uliza kama ada hukatwa kwenye bei ukinunua, au hulipwa kando.