Mbwa wako chotara na simba wa Serengeti

Ndugu mfugaji unayeishi jirani na Serengeti, kama una mbwa mkubwa chotara anayelinda zizi usiku na kukufuata machungani mchana, kisa cha mwaka 1994 kinakuhusu.

Mwaka huo simba wa Serengeti walionekana wakitetemeka na kuanguka kwa degedege. Hadi ugonjwa unatulia, theluthi moja hivi ya simba wote, karibu 1,000, walikuwa wamekufa, na ulikuwa umeshavuka mpaka hadi Maasai Mara. Vipimo vilionyesha virusi vya distempa. Huo ni ugonjwa wa mbwa! Mbwa wa vijiji vya jirani walikuwa wengi na hawajachanjwa, kwa hiyo wataalamu waliwaangalia wao kwanza. Fisi, anayelala mbugani na kutafuta mizoga kijijini, huenda ndiye aliyeupeleka. Baada ya hapo mbwa wa vijiji hivyo wakaanza kuchanjwa.

Wengi huniambia, "Bwana mifugo, huyu ni chotara, mwili wote ule, haugui." Distempa haiangalii mwili. Na wengine hunionyesha kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa wakidhani yametosha. Hiyo haizuii distempa. Ni chanjo nyingine kabisa.

Mtoto wa mbwa aanze chanjo ya distempa akiwa na wiki 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ulizia bei yake kabla hujamnunua.