Misemo ya Wazee wa Ituri na Mipaka ya Makabila

Katika nyumba zetu za Ituri, mtoto husikia mithali kabla hajajua maana yake. Bibi anapika ugali, wajukuu wanagombana juu ya kitu kidogo, naye anatoa neno moja fupi, kisha ananyamaza na kuendelea na kazi yake. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba hii ni mithali. Maana ataipata nyingine, miaka mingi nyuma ya hapo, pengine barzani wazee wakikata shauri la shamba, na mmoja wao akilitoa neno lile lile. Hapo kijana anashtuka: kumbe maneno ya bibi yalikuwa na meno!

Hivyo ndivyo misemo ilivyopita toka kizazi hata kizazi, bila karatasi na bila mwalimu. Kuandika historia yake ni kazi ngumu, maana msemo hauna tarehe wala jina la aliyeutunga. Lakini liko jambo moja la historia yake ambalo twaweza kulionyesha wazi, nalo lahusu sana jimbo letu la Bunia. Misemo ya wazee haikai ndani ya uzio wa kabila moja. Tumezoea kusema: mithali za Wahema, mithali za Walendu, mithali za Waalur, kana kwamba kila kabila lina ghala yake na ufunguo wake. Zamani za wazee wetu mambo hayakuwa hivyo.

Tuanze na watu wa Djugu. Wahema wa kusini, wale wa upande wa Irumu na Boga, wanasema Kihema, lugha iliyo ndugu ya Kinyoro cha Uganda. Lakini Wahema wa kaskazini, wanaoitwa Wagegere, wanasema Kilendu. Wazee wao waliingia pamoja na ng'ombe wao, wakakaa kati ya Walendu, wakaoana nao, na vizazi vilivyofuata vikaacha lugha ya kwanza. Ajabu ndiyo hii: wenye ng'ombe, ambao mara nyingi walikuwa na ukubwa juu ya majirani, ndio waliopokea lugha ya majirani. Wanaosema kwamba siku zote lugha ya mwenye nguvu ndiyo inayoshinda, waje Djugu wajifunze.

Sasa tufikiri kidogo. Mtu hawezi kupokea lugha akaiacha misemo yake mlangoni. Anayejifunza kuomba radhi kwa Kilendu, kumzomea mvivu kwa Kilendu, kumfariji mjane kwa Kilendu, anafanya hayo yote kwa maneno yaliyokwisha kupangwa na wengine mbele yake. Basi Mgegere anapowashauri wanawe jioni, anawashauri kwa maneno waliyoyaacha mababu wa Walendu, au kwa maneno yaliyozaliwa wakati watu wote wawili walipokuwa wakikaa kilima kimoja. Nani leo ataweza kuyagawa, hili la huyu na hili la yule? Wanyoro wana msemo kwamba mtoto hakulii katika nyumba moja. Wanausema juu ya malezi, lakini nadhani unafaa pia kwa mithali zenyewe.

Upande wa Mahagi mambo yalipita kwa njia nyingine. Mwingereza Aidan Southall, katika kitabu chake juu ya Waalur kilichotoka mwaka 1956, alieleza ginsi mashefu wa Kialur walivyoenea vilimani bila vita vikubwa. Mara nyingi Walendu na Waokebo walimpokea mwana wa shefu akae kwao, awakatie mashauri na kuwaombea mvua. Waokebo ni wahunzi, majembe na mikuki ilitoka mikononi mwao. Watoto wa watu hao wakakua wakisema Kialur, na wengi leo ni Waalur tu. Tena katika pori la Ituri, Wambuti wanaoitwa Waefe wanasema lugha ya jirani zao Walese, na wengine wanasema Kibira. Ukienda huku na huku katika jimbo, utakuta jambo lile lile: watu wawili, mdomo mmoja.

Juu ya hayo kikaja Kiswahili. Wangwana wa Maniema walikifikisha katika nchi ya Ituri katika karne ya kumi na tisa, pamoja na biashara ya pembe na taabu zake zote. Kisha dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, na kazi ya machimbo ikawakusanya watu wa kila lugha. Mtu aliyelala karibu na mgeni katika kambi ya wafanyakazi alipaswa kupata neno la kumwonya au kumchekesha, basi alichukua msemo wa kwao akaugeuza Kiswahili. Leo katika mitaa ya Bunia watu wanasema: tembo wawili wakipigana, majani ndiyo yanaumia. Msemo huo unajulikana Afrika ya Mashariki yote. Ukiuliza ni wa kabila gani, kila mmoja atakujibu bila haya kwamba ni wa kwao, na kwa kweli hakuna anayesema uongo.

Uzio ulitoka wapi basi? Sehemu moja ulitoka ofisini. Mwaka 1911 shefu Bomera wa Wahema aliuawa na Walendu wa kusini. Serikali ya Wabeleji ilitafuta amani kwa kuwatenga watu, kila kabila na ardhi yake na wakubwa wake. Majina ya siku hizo yanabaki mpaka leo: Walendu Pitsi, Walendu Djatsi, Walendu Tatsi, Walendu Bindi, Bahema Nord, Bahema Sud, Bahema Banywagi na mengine. Pengine mkaguzi alidhani anaandika tu yaliyokuwapo. Lakini aliyeandikwa katika daftari hii alijua tangu siku hiyo kwamba hayumo katika daftari ile, na mtu wa nyumba iliyochanganyika, mama huku na baba kule, hakuwa na ukurasa wake.

Sehemu nyingine, tukiri, ilitoka katika vitabu, tena vitabu vizuri. Watumishi wa Kanisa walifanya kazi ya heri ya kuandika misemo. Padri Vanneste, wa Mapadri Weupe, alikusanya hadithi na desturi za Waalur wa Mahagi, na kazi yake ilitolewa Brussels mwaka 1949. Bahati mbaya imeelezwa kwa Kiflamand, na wajukuu wa waliomsimulia hawakijui. Padri Hulstaert alitoa mithali za Wamongo mwaka 1958, zaidi ya 2,000. Padri Rodegem alifanya vilevile kwa Warundi mwaka 1961. Hata kabla yao Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi, alikuwa bado mseminari alipoandika juu ya akili na desturi za watu wake. Bila watu hawa tungekuwa maskini. Lakini kila kitabu kimefungwa ndani ya kabila moja, na msomaji anakifunga akidhani kwamba hekima ile ilianza hapo na kuishia hapo.

Vitabu Vitakatifu vinatufundisha namna nyingine ya kukusanya. Kitabu cha Mithali chenyewe kinataja, katika sura ya 25, watu wa mfalme Hezekia walionakili mithali za zamani. Watu hao ni wazee wetu sisi tunaoshika kalamu. Lakini tazama walichokikubali wenye kukipanga kitabu kile. Sura ya 30 ni maneno ya Aguri, sura ya 31 ni maneno aliyofundishwa mfalme Lemueli na mama yake, na kadiri wataalamu wengi wanavyofahamu, hao wawili si Waisraeli. Tena kuna zaidi. Mwaka 1923 yalitolewa kwa chapa mafundisho ya Mmisri mmoja wa kale, Amenemope, yaliyoandikwa katika papiri inayotunzwa London. Mwaka uliofuata Mjerumani Adolf Erman akaonyesha kwamba sehemu ya Mithali, tangu sura ya 22, yafanana sana na mafundisho yale, karibu neno kwa neno pahali pengine. Misri! Nchi ya utumwa, nchi ya Farao, ambayo kila baba wa Israeli aliwasimulia watoto wake ubaya wake usiku wa Paska. Lakini neno la hekima lilipotoka huko halikukataliwa kwa sababu ya kabila la aliyelisema. Roho Mtakatifu hakuona haya kulipokea. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya misioni ya tarehe 7 Desemba 1965, umesema juu ya mbegu za Neno zilizofichika katika desturi za mataifa; tusishangae basi tukiziona mbegu hizo zimepeperushwa toka shamba la jirani.

Yako lakini maneno ya kurithi ambayo hayafai kupokelewa, na hapa ndipo kazi inakuwa nzito.

Waalur, pamoja na ndugu zao wa Kiluo ng'ambo ya Nili, wanarithishana kisa cha mkuki na ushanga. Nyipir alichukua mkuki wa ndugu yake Thiful, akamtupia tembo aliyekuwa akiharibu shamba, na tembo akaenda zake na mkuki mwilini. Thiful alikataa mkuki mwingine wowote: alitaka ule ule. Nyipir akasafiri mpaka nchi ya tembo, akateseka, akaupata, akarudi nao pamoja na ushanga mzuri aliopewa huko. Siku moja mtoto wa Thiful akameza punje moja ya ushanga ule. Sasa ilikuwa zamu ya Nyipir kukataa kulipwa punje nyingine, naye alitaka ile ile. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaachana karibu na Pakwach, na Nyipir akavuka mto kuja upande wa magharibi. Mashefu wa Waalur wanajihesabu kuwa wazao wake.

Angalieni ginsi watu hao walivyolitunza jambo hili. Mtu angeweza kumsifu babu yake na kumlaumu babu wa wengine. Ndivyo familia nyingi zinavyofanya. Wao wametunza makosa ya wote wawili katika kisa kimoja, na mtoto wa Mahagi anajua kwamba babu wa mashefu wake ndiye aliyedai ushanga. Mzee akitaja mkuki na ushanga mbele ya ndugu wanaodaiana, haina lazima aendelee.

Kinyume chake ni yale maneno mafupi ya dharau juu ya jirani, ambayo nayo hupita jikoni na barzani, na nayo huitwa hekima ya wazee. Sitayaandika hapa, kila msomaji wa Ituri anayajua ya nyumba yake. Nabii Ezekieli alipambana na neno la namna hiyo. Watu wa Israeli walikuwa na mithali juu ya baba waliokula zabibu chungu na watoto wanaoumwa meno, na katika sura ya 18 Mungu anawakataza kabisa kuitumia tena. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi na ninaona ni jambo la pekee: mithali ya kale, ya watu wote, tamu mdomoni, imefutwa kwa amri. Haikutosha kwamba wazee waliisema.

Sisi tumeona matunda ya maneno ya dharau. Mwezi wa sita mwaka 1999 ugomvi wa mashamba katika Walendu Pitsi uligeuka vita, na hata mwaka 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa katika Ituri. Mwezi wa tano 2003 vita viliingia Bunia penyewe, na mapadri wawili waliuawa katika parokia ya Nyakasanza. Desemba 2017 mauaji yalianza upya Djugu. Katika sehemu kubwa ya Djugu aliyekimbia na aliyemfukuza walikuwa na lugha moja. Aliyejificha migombani alielewa kila neno la waliokuwa wakimtafuta, na kama katika makundi yale alikuwamo mzee wa kutoa msemo mmoja wa kuzuia mkono, wote wangeuelewa, wa huku na wa huku. Ndiyo sababu nasema kwamba jambo la nani mwenye mithali si mchezo wa wasomi.

Vita vimevunja pia pahali pa kurithi. Mithali inahitaji moto wa jioni, shamba la kugombania, mzee na mjukuu waliokaa pamoja muda mrefu. Katika kambi za wakimbizi nyumba ni turubai, bibi yuko Bunia, mjukuu yuko Uganda ng'ambo ya ziwa. Watoto wa kambi wanakua na Kiswahili cha Bunia. Wengine wanalia kwamba misemo imekufa. Mimi sisemi hivyo, maana machimbo ya Kilo yalitufundisha kwamba msemo wajua kubadili lugha. Lakini msemo unapobadili lugha bila mtu wa kuandika, kesi yake inapotea: ulisemwa kwa nani, baada ya kosa gani, na nani alinyamaza alipousikia.

Fratri anayerudi kwao likizo na daftari yake afanye kama watu wa Hezekia, lakini aongeze safu moja ambayo Padri Vanneste na wenzake hawakuiweka. Mzee akimwambia msemo, aandike kwanza maneno yenyewe katika lugha aliyoyasema, kisha kesi, kisha aulize: wewe uliusikia kwa nani? Mara nyingi jibu litakuwa jina la mama au la bibi. Hapo aulize tena bibi huyo alizaliwa wapi, na aandike jina la kijiji kama atakavyolisikia, hata kama ni kijiji cha upande wa pili.