Nguzo Zinamlinda Nani?

Ukitembea tao, hebu cheki vile vyungu vikubwa vya saruji na nguzo fupi za chuma mbele ya mahoteli, mabenki na maofisi. Wengi wetu tunaviegemea tu tukingoja mtu. Mimi naviona kama historia, na swali langu ni moja: vimewekwa kumlinda nani?

Tuanzie hapa hapa Nairobi. Ijumaa asubuhi, 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Haile Selassie na Moi Avenue. Masoja walikataa kulifungulia. Bomu likalipukia nje, na jengo la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka. Nairobi ilizika watu 213. Wamarekani walikuwa 12. Wengi wa waliobaki walikuwa Wakenya wasio na shughuli yoyote ubalozini, watu waliokuwa kazini, darasani, ama wakipita njia. Baada ya hapo, majengo makubwa yalijizungushia vizuizi. Umati ulibaki nje.

Miaka 18 baadaye, huko Nice, Ufaransa, gari halikuhitaji hata bomu. Usiku wa 14 Julai 2016, watu wakiwa wametoka kutazama fataki za sikukuu ya taifa, lori la tani 19 liliendeshwa katikati yao kwenye Promenade des Anglais. Waliuawa 86. Halikulenga jengo, lililenga watu waliokuwa wakijienjoi. Mji huo ukaja kupanga nguzo zilizounganishwa kwa nyaya za chuma kandokando ya njia ya miguu. Kwangu mimi, hayo ndiyo mabadiliko makubwa: kizuizi kilitoka mlangoni pa ofisi kikaja kumkinga mtu anayetembea.

Mwaka huohuo, 19 Desemba, lori lililotekwa liliingia soko la Krismasi jijini Berlin. Watu 12 waliuawa siku hiyo. Wangekuwa wengi zaidi, lakini lori lilijisimamisha lenyewe. Sheria ya Ulaya ilikuwa imeanza kudai malori mapya yawe na breki zinazojifunga zikihisi kugonga kitu. Breki hizo ziliwekwa kwa sababu ya ajali za kawaida barabarani.

Lakini nguzo bila matunzo ni pambo tu. Bourbon Street, New Orleans, ilikuwa na nguzo za kufunga barabara. Shanga zinazorushwa wakati wa kanivali ya Mardi Gras zilikuwa zikiingia kwenye reli zake na kuzikwamisha. Alfajiri ya 1 Januari 2025, nguzo hizo zilikuwa zimeng'olewa ili zibadilishwe. Gari la polisi liliegeshwa kuziba njia, na mshambuliaji akalizunguka kwa kupanda kando ya barabara. Watu 14 waliuawa. Siku 12 kabla ya hapo, Magdeburg, Ujerumani, matofali ya saruji yalikuwepo sokoni, ila gari lilipenya kwenye nafasi iliyoachiwa ambulensi. Sita wakafa.

Ambulensi lazima ipite, hilo halina ubishi. Basi nafasi hiyo izibwe kwa gari zito lenye dereva ndani, wa kulisogeza ikihitajika. Na kati ya nguzo na nguzo, mita 1.2 inatosha kiti cha magurudumu kupita na gari kukwama. Si sayansi ya kutisha.

Sasa rudi kwetu. Umati wetu uko stage za mat, uko Gikomba, uko kwa mama mboga aliyetandaza sukuma hatua mbili kutoka kwa lami. Jioni ya 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo Londiani, likavamia wachuuzi, bodaboda na matatu. Walikufa zaidi ya 50. Hakukuwa na gaidi pale, lakini pia hakukuwa na kitu kati ya lori na watu.

Ndiyo maana sitaki mjadala huu uachiwe wataalamu wa ugaidi peke yao. Nguzo haimuulizi dereva kama amekusudia ama breki zimekataa. Kama hoteli inastahili safu ya vyuma mlangoni, stage yenye watu mia tatu saa kumi na mbili jioni inastahili pia.