Gitaa limetoka wapi? Ombi la mdogo wangu

Nimekuwa kimya kidogo, maboksi yamenizidi huku. Leo nataka tuongee habari ya magitaa ya umeme, maana yamenitoa jasho tangu mwaka jana na nimejifunza mambo ambayo naona si vizuri kubaki nayo peke yangu.

Chanzo ni mdogo wangu aliyeko Dar. Anapiga solo kwenye bendi moja ya ukumbini, na kama mnavyojua, kwetu vyombo huwa ni vya mwenye bendi. Hilo halikuanza leo. Enzi za Mwalimu bendi nyingi zilikuwa za mashirika na jumuiya. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akikorofishana na wakubwa aliondoka na vidole vyake tu, gitaa linabaki. Mdogo wangu naye kagombana na bosi wake mara mbili, na mara zote mbili karudi kuomba radhi. Siyo kwamba yeye ndiye aliyekosea. Gitaa si lake, basi.

Ndipo akanipigia simu: "Kaka, nitafutie gitaa langu mwenyewe. Ila liwe la Marekani kweli. Usije ukaniletea ya Mchina."

Mimi nilikuwa na pauni 450 nilizozikusanya kwa miezi minane ya kufanya kazi usiku. Gitaa jipya la Marekani lenye jina kubwa huku linaanzia zaidi ya pauni 1,000, na mengi yanapita 1,500. Nikamwambia nipe muda nitafute. Nilikuwa na sababu nyingine pia ya kusita. Nilipofika Uingereza nilinunua gitaa la mtumba kwa bwana mmoja kwa sababu tu lilikuwa na maandishi kwamba limetengenezwa Marekani. Kampuni siitaji. Shingo ilikuwa inacheza kama jino bovu, na nyuzi zilipoteza sauti kabla wimbo haujaisha. Rafiki yangu wa kanisani alikuwa na gitaa la Korea la bei ya robo ya langu, na lake ndilo lililokuwa linapigika. Nikajiuliza, hivi hili neno "la Marekani" maana yake nini hasa?

Basi tuanzie mwanzo. Gitaa la umeme la ubao mtupu, lisilo na tumbo la uwazi, lilianza kutengenezwa kwa wingi na Leo Fender, fundi redio wa mji wa Fullerton, California, mwaka 1950. Ndilo lililokuja kuitwa Telecaster. Gibson wa Kalamazoo, Michigan, wakajibu kwa Les Paul mwaka 1952, na mwaka 1954 Fender akatoa Stratocaster. Fender alitaka gitaa la kiwandani. Shingo inafungwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne, ikiharibika unafungua na kuweka nyingine. Hebu lishikeni hilo. Gitaa lililobuniwa ili mfanyakazi wa kawaida wa California aweze kuliunga, mfanyakazi wa kawaida wa popote pale ataliunga vilevile, mradi afundishwe na apewe mbao nzuri.

Na hata hizo mbao hazikuwa zote za Marekani. Ule ubao mweusi mweusi unaobandikwa juu ya shingo, ambao Fender walianza kuutumia mwishoni mwa miaka ya hamsini, ulitoka Brazil na baadaye India. Ni mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu.

Hapa Uingereza jina la Marekani lilipata uzito kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya vita serikali ilikuwa inabana dola, na tangu mwaka 1951 hadi 1959 magitaa ya Kimarekani yalizuiwa kuingia nchini. Mwaka 1959 Cliff Richard alimwagizia mpigaji wake Hank Marvin Stratocaster kutoka Marekani, na vijana wa hapa wakalitazama kama kitu kilichoshuka toka mbinguni. Sisi tuliokumbana na uhaba wa miaka ya themanini tunaelewa. Sabuni ya kuogea iliyovuka mpaka kutoka Kenya ilinukia kuliko ya kwetu kwa sababu haikuwepo dukani. Wakati huohuo kijana George Harrison pale Liverpool alikuwa anapiga Futurama, gitaa lililotengenezwa Chekoslovakia, na Paul McCartney alinunua besi ya Höfner ya Kijerumani mwaka 1961 akiwa Hamburg. Besi hiyo ya Mjerumani mnaijua nyote, hata kama hamjui kuwa mnaijua.

Sasa huko Marekani kwenyewe mambo yakabadilika. Januari 1965 Fender iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Wenye hesabu wakachukua usukani. Mwaka 1971 zile skrubu nne za Stratocaster zikawa tatu. Gibson nao wakaingia mikononi mwa wakubwa wengine, na kufikia katikati ya miaka ya sabini wapigaji wengi walikuwa wanalalamika kwamba magitaa mapya ni mazito na yameungwa hovyohovyo. Wakaanza kutafuta ya zamani. Kumbuka, yote hayo yalikuwa yameandikwa "Marekani". Nchi ile ile, majina yale yale, lakini ubora haukuwa ule ule.

Pengo hilo wakaliona Wajapani. Kuna mji unaitwa Matsumoto, katika mkoa wa Nagano, wenye milima na mafundi mbao wengi. Kampuni ya Matsumoku ya pale ilikuwa inatengeneza makabati ya cherehani za Singer kabla ya kuingia kwenye magitaa, na Gibson walipohamishia Japani magitaa yao ya Epiphone mwaka 1970, ni kiwanda hicho kilichoyatengeneza. Jirani yao FujiGen, iliyoanzishwa 1960, iliunda Ibanez na Greco. Kule Hamamatsu walikuwepo Tokai. Mwanzoni waliiga tu umbo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya sabini walikuwa wananunua magitaa ya Kimarekani ya miaka ya hamsini, wanayafumua na kupima kila kona. Mwaka 1977 wenye Gibson wakawapeleka mahakamani wasambazaji wa Ibanez nchini Marekani kwa kuiga umbo la kichwa cha gitaa, wakamalizana nje ya mahakama mwaka uliofuata.

Fender walichagua njia nyingine. Mwaka 1982 walianzisha Fender Japan na kazi wakawapa FujiGen. Dan Smith, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Fender wakati huo, alikuja kusimulia kwamba magitaa ya kwanza ya Japani yalipofika na wenzake kuyakagua, walikaribia kulia kwa jinsi yalivyokuwa mazuri. Na zile Squier za mwanzo, zilizowekwa jina la bei nafuu, leo wakusanyaji wanazigombania. Kisha mwaka 1985 CBS wakauza Fender kwa kundi la wafanyakazi wake lililoongozwa na William Schultz. Walinunua jina, ila kiwanda cha Fullerton hakikuwemo kwenye mauzo! Mpaka kiwanda kipya cha Corona kilipokaa sawa, magitaa mengi ya Fender yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya Mjapani. Haya, lipi hapo lilikuwa "la Marekani kweli"?

Mwaka huohuo wa 1985 wakubwa wa fedha duniani walikubaliana kuishusha dola. Dola moja ilikuwa karibu yen 240, na kufikia mwisho wa 1987 ilikuwa chini ya yen 130. Gitaa lile lile, fundi yule yule wa Matsumoto, lakini kwa mnunuzi wa Marekani bei karibu mara mbili. Matsumoku wakafunga mwaka huo wa 1987. Kazi ya magitaa ya bei nafuu ikavuka bahari kwenda Korea, kwa Samick na Cort, kampuni ambayo jina lake la kiwandani ni Cor-Tek. Magitaa ya Korea ya mwanzo kweli mengine yalikuwa ya plaiwudi, na sifa mbaya ikaganda. Lakini mafundi walifundishwa, wakafundishana, na kufikia mwaka 2001 Paul Reed Smith, mtu anayejulikana kwa magitaa ya bei mbaya, aliwaamini Wakorea watengeneze yale yanayoitwa SE.

Fender wenyewe walifungua kiwanda Ensenada, Mexico, mwaka 1987. Kutoka Corona hadi Ensenada ni pungufu ya safari ya Dar hadi Tanga. Katikati yake kuna mpaka tu, na mpaka ndio unaopanga mshahara. Miaka ya mwanzo sehemu nyingi zilitoka Corona na kuungwa Ensenada. Mtu anapoongeza mamia ya pauni ili avuke mpaka huo kwenye maandishi ya gitaa lake, ajue sehemu ya pesa hiyo inalipa vifaa bora, na sehemu nyingine inalipa mshahara wa California.

Korea nayo mishahara ikapanda, hasa baada ya wafanyakazi wake kuungana na kugoma mwaka 1987. Basi Samick na Cort wakafungua viwanda Indonesia katika miaka ya tisini. Hapa ndipo stori inapouma. Mwaka 2007 Cort wakafunga viwanda vyao vya Korea, na wafanyakazi waliotengeneza magitaa kwa miaka mingi wakajikuta nje. Hawakukubali. Waliandamana, wakafunga kula, wakasafiri hadi nje kwenye maonyesho ya magitaa kueleza habari zao. Makubaliano yalipatikana mwaka 2019, yaani baada ya miaka kumi na miwili. Nilipoisoma habari hiyo nilitazama gitaa la rafiki yangu wa kanisani kwa jicho lingine. Sisi tunasema "ya Korea" kama vile nchi ndiyo iliyolitengeneza. Kumbe kuna mama fulani alipiga msasa shingo ile, na siku moja akaambiwa asije kesho.

China nayo ikaja. Gibson walifungua kiwanda chao cha Epiphone Qingdao mwaka 2004, na mwaka 2008 Squier za Classic Vibe zilizotengenezwa China ziliwafanya wapigaji wengi wafute kauli zao. Mwaka 2019 mfululizo huo ukahamia Indonesia. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata mbao kwa usahihi ule ule Corona na Surabaya.

Je, basi yote ni sawa? Hapana, nisiwadanganye. Gitaa la pauni 200 na la pauni 1,500 hayalingani. Tofauti iko kwenye pikapu, yaani zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, kwenye swichi, kwenye funguo za kukazia nyuzi, na hasa kwenye muda ambao mkono wa mtu ulikaa juu ya lile gitaa. Pitisha kidole ubavuni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, muda ulibanwa. Lakini muda unaweza kuununua baadaye kwa fundi, na pikapu hubadilishwa. Shingo iliyopinda vibaya na mbao mbovu ndizo ngumu kutibu, na hizo nimezikuta kwenye magitaa ya nchi mbalimbali. Kwa hiyo anayeniuliza sasa namwambia: tazama shingo kwanza, kisha uliza mwaka na kiwanda, na nchi iulize mwisho.

Kwa pauni 450 zangu nilifanya hivi. Nilinunua gitaa la mtumba la Indonesia kwa pauni 230. Nikampa fundi pauni 80 akasawazisha freti na kubadilisha swichi. Zilizobaki zikawa amplifaya ndogo ya mtumba, mkoba mgumu na seti kumi za nyuzi, kwa sababu joto na unyevu wa Dar hula nyuzi haraka. Dada mmoja aliyekuwa anarudi likizo akanibebea, Mungu ambariki.

Simu ikaja jioni ile ile. "Kaka, nimepokea. Nashukuru sana." Kimya. "Ila hapa nyuma pameandikwa Indonesia." Nikamwambia lipige mwezi mmoja kisha tuongee. Sikumficha kwamba hela ya la Marekani sikuwa nayo. Nilimwambia pia kwamba ningekuwa nayo, bado ningefikiria mara mbili.

Mwezi ulipita, hakunipigia kulalamika. Alipiga baada ya miezi mitatu kuniambia kwamba bosi amekorofisha tena kuhusu malipo, na safari hii hakurudi kuomba radhi. Alichukua gitaa lake begani, akaondoka, na Jumamosi ile ile akapiga harusini na bendi nyingine. Nikamuuliza, na watu wanasemaje kuhusu lile neno Indonesia? Akacheka. Amebandika stika ya bendera ya Tanzania juu yake. Wakimuuliza limetoka wapi anajibu, "Kaka yangu kalituma toka Uingereza."

Hajasema uongo. Kwa leo naishia hapa, kesho zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Tuombeane.