Ufundishaji wa hisabati kwa njia mbalimbali (Busia na Tororo)

Ufundishaji wa hisabati kwa njia mbalimbali ni utaratibu wa mwalimu kubadili vifaa, lugha na kasi ya somo kulingana na uwezo wa wanafunzi wake. Mpakani mwa Kenya na Uganda, swali la nini hasa humsaidia mtoto limepimwa kwa majaribio makubwa.

Kuanzia miaka ya 1990, mchumi Michael Kremer na wenzake walifanya utafiti katika shule za msingi za Busia, Kenya. Vitabu vya kiada vilivyogawiwa viliinua alama za wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri, wengine hawakufaidika. Vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu. Chati kubwa za kufundishia, ikiwemo ya hisabati, hazikuleta tofauti iliyoonekana. Kifaa kizuri, basi, hakitoshi kikimkuta mtoto asiyeelewa maelezo yake.

Mwaka 2005, upande huohuo wa Kenya, katika Bungoma na Butere-Mumias, wanafunzi wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waligawanywa kufuata kiwango chao. Alama zilipanda kwa waliotangulia na kwa waliobaki nyuma pia.

Upande wa Uganda, mtaala wa 2007 ulielekeza kufundisha kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu. Katika Nabuyoga, wilayani Tororo, lugha hiyo kwa wengi ni Dhopadhola, na mtoto anaweza kujifunza kujumlisha kwa mbegu za maharagwe au njiti kabla ya kuandika tarakimu.