Kiwanda cha Columbus na Injini ya Dizeli

Mtu ajazapo upepo katika mpira wa baisikeli, baada ya kitambo huona kwamba bomba limepata moto mkononi mwake. Sababu yake ni hii: hewa ikishindiliwa mahali padogo hutoa joto. Jambo hilo dogo ndilo msingi wa injini ya dizeli, iendeshayo malori mazito, matrekta na mashine nyingi za kusaga unga.

Aliyeibuni ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka wa 1858. Katika mwaka wa 1897 injini yake ilijaribiwa kiwandani mjini Augsburg, ikaonekana kufaa. Injini ya petroli huhitaji cheche ya umeme kuwasha mafuta yake, bali hii haihitaji. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa humo, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo hutumia mafuta machache kwa kazi nyingi. Lakini injini za kwanza zilikuwa kubwa na nzito mno, zikafaa kuwekwa viwandani na melini tu. Nani angeweza kuipandisha injini ya namna hiyo juu ya gari?

Katika mji mdogo wa Columbus, jimbo la Indiana, nchi ya Marekani, palikuwa na fundi jina lake Clessie Cummins. Alizaliwa mwaka wa 1888, mtoto wa shamba, wala hakusoma sana shuleni. Mwaka wa 1908 aliajiriwa kuwa dereva wa jamaa ya W. G. Irwin, tajiri mwenye benki. Irwin aliona jinsi kijana huyu alivyo hodari wa mitambo, akamsaidia kwa fedha. Hivyo mwaka wa 1919 wakaanzisha kiwanda cha kutengeneza injini za dizeli.

Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Injini ndogo ziliuzwa kwa wakulima kwa njia ya kampuni ya Sears, iliyokuwa ikipeleka bidhaa kwa posta. Desturi ya kampuni hiyo ilikuwa kupokea tena kitu asichoridhika nacho mnunuzi, na injini nyingi zikarudishwa. Baadaye kiwanda kikapata wanunuzi wa injini za mashua, nao wengi wao walikuwa matajiri. Kisha, mwishoni mwa mwaka wa 1929, biashara ya Marekani ikaanguka, na wanunuzi hao wakatoweka. Fedha za Irwin zilikuwa zikitoka kila mwaka, wala hazijarudi na faida.

Ndipo Cummins alipotia injini ya dizeli katika motokaa aina ya Packard. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo alimpakia Irwin, akamtembeza. Tajiri hakuletewa maneno wala hesabu za karatasi. Aliketi ndani ya gari, akaona mwenyewe kwamba linakwenda. Akaendelea kutoa fedha. Mwezi uliofuata Cummins aliliendesha gari lile kutoka Indianapolis mpaka New York, karibu maili 800, kwa mafuta ya dola 1 na senti 38 tu. Mwaka wa 1931 gari jingine la dizeli, likiendeshwa na Dave Evans, lilishindana katika mbio kubwa za Indianapolis. Lilikuwa la 13, lakini lilimaliza maili zote 500 bila kusimama hata mara moja kutia mafuta, jambo ambalo halikuwa limefanywa na gari lolote katika mbio zile.

Wenye malori walisikia habari hizo, wakaanza kupiga hesabu ya mafuta yao. Hata hivyo faida ya kwanza ya kiwanda ilipatikana mwaka wa 1937, yaani baada ya miaka 18. Hata leo makao makuu ya kampuni ya Cummins yako Columbus, na injini zake hufanya kazi katika nchi nyingi za dunia.

Basi mtu aonapo lori limebeba shehena likipanda mlima taratibu, asimkumbuke mbuni peke yake. Diesel alitoa fikira, Cummins alitoa mikono, na Irwin alitoa subira. Kama mmoja wao angalikosekana, kiwanda kile kisingalisimama.