Kilengeo Kilicholegea: Bunduki ya Garand na Jiji Letu

Wengi wetu tunaoteremka kituo cha metro cha Van Ness hatujui tunakanyaga ardhi yenye historia ya silaha. Palipo leo na Chuo Kikuu cha Wilaya ya Columbia, zamani palikuwa na Ofisi ya Taifa ya Vipimo, taasisi ya serikali iliyopima mizani, vyuma na mashine. Hapo, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, aliajiriwa fundi John Garand, mzaliwa wa Quebec, Kanada. Mwaka 1919 akahamia karakana ya jeshi ya Springfield, Massachusetts. Januari 1936 jeshi la Marekani likaipokea bunduki yake na kuiita M1.

Upya wake ulikuwa huu: ilijipakia yenyewe. Askari wa zamani alivuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi moja. Mwenye M1 alibonyeza kifyatulio tu, mara 8, ndipo apakie tena.

Kazi hiyo ilifanywa na gesi ya baruti. Kwa kuwa jeshi halikutaka mtutu utobolewe, Garand aliweka silinda ya chuma kwenye mdomo wa bunduki. Risasi ilipotoka, gesi iliyoifuata ilinaswa humo na kurudishwa nyuma, ikasukuma fimbo iliyofungua komeo.

Ugonjwa ulianzia hapo. Juu ya silinda ndipo palipokaa kilengeo cha mbele, kile kijichuma ambacho mpigaji hukilinganisha na shabaha. Silinda haikushikamana na mtutu kwa uimara wa kutosha. Ilipolegea, kilengeo kililegea nayo, na askari aliyelenga sawasawa akakosa.

Tufanye hesabu. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni takriban sentimita 71. Kilengeo cha mbele kikisogea milimita 1 tu, kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 180 risasi itapotoka kwa takriban sentimita 25. Hapo mtu husema mpigaji hajui kulenga, kumbe kosa ni la chuma.

Mafundi waliiona kasoro. Oktoba 1939 jeshi liliidhinisha dawa yake: mtutu urefushwe, utobolewe tundu dogo upande wa chini karibu na mdomo, na silinda ishikwe imara zaidi. Lakini kuidhinisha si kutengeneza. Kiwanda kiliendelea kutoa bunduki za mtindo wa kwanza hadi kati ya mwaka 1940, zikafika karibu 50,000.

Mei 1940, Wajerumani walipokuwa wakiivamia Ufaransa, mzozo ulizuka hapa Washington. Jarida la American Rifleman, la chama cha wapiga bunduki ambacho siku hizo makao yake yalikuwa mjini humu, lilichapisha makala ya kuikosoa M1. Melvin Johnson, mwanasheria na ofisa wa akiba wa Marine, alikuwa ameunda bunduki yake mwenyewe na akataka ifikiriwe. Maseneta wakaenda Fort Belvoir, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac, kuziona zote mbili zikipigwa. M1 ikabaki.

Sisi tunaona kila upande ulikuwa na haki yake. Wakosoaji walisema kweli kuhusu bunduki zilizokuwa mikononi mwa watu. Mafundi nao walisema kweli kuhusu zile zilizokuwa zikiandaliwa kiwandani. Kati ya kuijua kasoro na kuiondoa ilipita miezi mingi, na katika miezi hiyo askari alibeba chuma asichoweza kukiamini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayechelewesha dawa hana nafuu kubwa kuliko anayeficha.

Baadaye nyingi za bunduki hizo zilirudishwa kurekebishwa, na hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 zilikuwa zimetengenezwa M1 zaidi ya milioni 4.

Sehemu nyingine ya ardhi ileile ya Ofisi ya Vipimo leo ni mtaa wa balozi, na ubalozi wa Ethiopia ni mmojawapo. Mwaka 1951 askari wa kikosi cha Kagnew cha Ethiopia walifika Korea, wakapigana wakiwa na M1. Walipolenga, kilengeo hakikulegea. Tupitapo Van Ness, tuwakumbuke.